Matusi ya jukwaani yana mwenye kuyalipia. Tuzungumze kabla ya 2027

Fundi wa Maturubai (mleta uzi)

Hamjambo nyote, wa kisiwani na wa ng'ambo.

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 10, 2027. Makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu hapa Mombasa yameshaanza kuchafuka. Naandika mapema kwa sababu msimu wenyewe ukifika kila mtu atakuwa na upande wake na hakuna atakayemsikiliza mwenzake.

Kazi yangu ni kukodisha maturubai, viti na spika. Harusi, matanga, maulidi, na siasa zikipamba moto, mikutano ya hadhara. Nimefunga spika Tononoka, Mtongwe, Mikindani na Bombolulu, kwa watu wa vyama vyote. Ndiyo maana sitamtaja mtu hapa, maana nikimtaja mmoja nitakuwa nimewasafisha wenzake. Fundi wa spika hukaa nyuma ya jukwaa tangu asubuhi hadi kiti cha mwisho kipakiwe. Hakuna anayechunga ulimi mbele yake.

Mgombea mwenyewe hatukani. Hilo ndilo ningependa mlishike kwanza. Mapema, watu wakiwa bado wanaingia, anapanda msanii na kuchangamsha uwanja. Kisha wanapanda wazungumzaji wawili watatu ambao kazi yao ni kumvua mpinzani nguo. Huyu si mwenyeji, mulizeni babu yake kazikwa wapi. Huyu cheti chake amenunua. Huyu ndoa yake imemshinda, ataiweza kaunti? Uwanja ukishachemka, msafara unaingia, mgombea anapokea kipaza sauti na kuzungumzia amani, maji na karo za watoto. Kesho yake vyombo vya habari vinamnukuu yeye, muungwana. Yule aliyetukana nimemwona akipewa bahasha yake kando ya gari na kuulizwa kama kesho atafika Changamwe.

Sasa pesa za bahasha ile zinatoka wapi? Nijuavyo mimi, mara nyingi anayelipia turubai si mgombea wala chama chake. Ni mtu ambaye sura yake haiko kwenye bango lolote: mkandarasi wa mitaro, mwenye malori ya taka, mtu wa kuuzia hospitali vifaa. Analipa taslimu. Risiti haitaki. Uchaguzi ukipita, subiri mwaka mmoja halafu tazama nani anachimba barabara ya mtaani kwenu, na inachimbika mara ngapi.

Tumezoea kulizungumza tusi kama jambo la adabu, tukamwachia sheikh na padri wakemee. Ufisadi nao tumewaachia EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na mahakama. Mimi naona ni hesabu moja. Aliyegharamia matusi ameweka mtaji, na mtaji hurudishwa kwa tenda. Tena matusi yenyewe yanamfaa zaidi yeye, kwa sababu mkutano mzima ukishughulika na babu ya mtu kazikwa wapi, hakuna anayeuliza dawa za zahanati zimekwenda wapi.

Kila uchaguzi tunabishana juu ya nani alisema nini. Nani alilipa ili kisemwe, hilo mbona halituingii midomoni?

---

Bahari_Kuu

Fundi, umesema kweli lakini naona hatari moja. Tukisema kampeni chafu ni mbaya bila kufafanua, wa kwanza kushangilia atakuwa mwizi. Ukimwambia mheshimiwa kwamba ameiba pesa za basari, jibu lake litakuwa "hizi ni siasa za matope, tufanye siasa za sera." Nimelisikia jibu hilo mara nyingi, na kila mara kutoka kwa mtu mwenye jambo la kuficha.

Mimi nataka mgombea asemwe, tena asemwe vibaya ikiwa amefanya vibaya. Aulizwe mbele ya wake zake na wanawe.

---

Fundi wa Maturubai

Bahari_Kuu, hapo tuko pamoja, na nashukuru umelileta mapema. Kumwambia mtu "hospitali uliyosimamia ilikosa dawa na pesa zilitoka" ni wajibu wa mpinzani. Asipolisema yeye nani atalisema? Ninalolipinga ni lile tusi lisilo na kitu cha kukagua. Ukoo wa mtu hauna vocha. Lakini mtaro una mkataba, una bei, una jina la kampuni, na unaweza kwenda kuutazama ukiwa umejaa taka.

Angalia na hili: hao wazungumzaji wa kulipwa hawazungumzii tenda. Nimekaa nyuma ya majukwaa mengi na ni nadra kumsikia mmoja akitaja mkataba na kiasi chake. Na sababu yake ni nyepesi. Mkandarasi anayelipia upande huu, nduguye au mshirika wake analipia upande ule. Wakianza kutajana mikataba wote wataumia.

---

Mzee wa Likoni

Wanangu, nimesoma taratibu. Nyinyi mnazungumza kana kwamba hili limeanza na simu.

Mwaka 1988 tulipigishwa kura ya mlolongo. Unasimama nyuma ya picha ya mgombea, chifu anakuona, jirani anakuona, mwajiri wako anakuona. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye mchujo alipita bila kura ya siri. Hapa Mombasa mkubwa wa KANU, chama tawala cha wakati huo, alikuwa Shariff Nassir, na neno lake "wapende wasipende" bado watu wanalo midomoni. Wakati huo hapakuwa na haja ya kumtukana mpinzani sana, maana alikuwa ameshashindwa kabla hajasimama.

Vyama vingi vilirudi Desemba 1991, na uchaguzi wa 1992 ndipo tulipoona pesa zikimwagwa. Vijana wa YK'92, kundi la kuipigia KANU kampeni, walipita na mabunda, noti ya 500 ikapewa jina la kiongozi wao, Cyrus Jirongo. Mwaka uliofuata bei za vitu zikatushinda. Baadaye ndipo tukasikia habari za Goldenberg, serikali ikilipa ruzuku kwa usafirishaji wa dhahabu na almasi ambazo nchi hii haikuwa nazo. Nilikuwa na familia changa, unga na mafuta ya taa vilipanda mbele ya macho yangu, na nikaelewa kwamba ile noti aliyopewa jirani yangu alikuwa anairudisha dukani kila siku.

Mwaka huo huo wa 1992 hapa Mombasa kilitokea chama cha Kiislamu cha IPK, serikali ikakataa kukisajili kwa hoja kwamba ni cha kidini. Sheikh Khalid Balala alikuwa akihutubia umati Mwembe Tayari. Ikaundwa jumuiya nyingine ya kumkabili, Waislamu dhidi ya Waislamu, Mwafrika aambiwe huyu ni Mwarabu, na Mwarabu aambiwe yule hakupendi. Mitaa ya Majengo ilichomeka kwa maneno hayo. Swali lako la nani alilipa, Fundi, sisi tulikuwa tukinong'onezana wakati ule.

Kisha 1997. Usiku wa Agosti 13 kituo cha polisi cha feri Likoni kilivamiwa, polisi sita wakauawa, silaha zikachukuliwa. Vikaratasi vilisambazwa vikiwaambia watu wa bara waondoke Pwani. Zaidi ya watu 100 waliuawa na makumi ya maelfu wakakimbia nyumba zao. Wengine walilala uwanja wa kanisa Likoni, mimi mwenyewe nimepeleka chakula pale. Uchaguzi ulikuwa Desemba 29 mwaka huo huo, na wengi waliofukuzwa ni watu waliodhaniwa wataupigia upinzani. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza, ripoti ikatolewa 2002. Nendeni mkaisome.

Kwa hiyo mtu akiniambia "huyu si mwenyeji" ni maneno tu ya jukwaani, mimi siwezi kulichukulia hivyo. Nimeona mwisho wake.

---

Fundi wa Maturubai

Shikamoo mzee wangu. Hilo la 1997 naomba kila kijana aliye kwenye uzi huu alisome mara mbili. Nilikuwa mdogo, nakumbuka feri bila watu na mama akitukataza kutoka. Wengi wanaosema "wabara" na "wapwani" kwenye vikundi leo walikuwa hawajazaliwa.

---

Binti Majengo

Naomba niongeze upande ambao kaka zangu mmeupitia juu juu. Fundi umetaja "ndoa yake imemshinda." Mwanamume akigombea, wanamuuliza cheti. Mwanamke akigombea, wanamuuliza mwili wake. Alilala na nani akapata tiketi, kwa nini hajaolewa, kwa nini ameachika, kwa nini mumewe anamruhusu kutoka usiku. Picha zinatengenezwa zinatumwa kwenye vikundi vya msikiti anaoswali baba yake.

Mimi nilimsaidia mwanamke mmoja wa mtaani kwetu aliyetaka uwakilishi wa wadi. Alijua hesabu za kaunti kuliko wanaume wote aliokuwa anashindana nao. Kilichomtoa si kura. Ilitumwa sauti ya kubuni, ikiigiza sauti yake, ikafika kwa mama mkwe wake kabla haijafika kwetu. Ndani ya wiki alijiondoa. Aliyebaki alipita, na ule mfereji wa maji machafu aliokuwa anauulizia mpaka leo uko vile vile.

Mombasa ina majimbo sita. Mwaka 2022 tulimchagua mwanamke katika jimbo moja tu, Mishi Mboko wa Likoni. Nafasi ya mwakilishi wa wanawake haihesabiki hapo, ile imetengwa kikatiba. Mkiniuliza wanawake wenye uwezo wako wapi, jibu ni kwamba wako majumbani kwao, wametazama wenzao walivyofanywa wakaamua heshima ya watoto wao ni bora.

Naunga mkono kwa dhati hoja ya Fundi. Ile sauti ilitengenezwa, na mtu hatengenezi kitu kama kile bure.

---

Wakili wa Tudor

Nitasema sheria ilivyo, kwa ufupi kiasi ninavyoweza, kwa sababu watu wengi wanadhani hakuna sheria. Sheria tunazo, ila zimekatwa miguu.

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inasema kutoa hongo kwa mpiga kura ni kosa, na kupokea pia ni kosa. Adhabu inafika faini ya shilingi milioni 2 au kifungo cha miaka 6, au vyote viwili. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 zilizoua zaidi ya watu 1,100, inaadhibu uchochezi wa kikabila kwa faini ya hadi milioni 1 au miaka 3 jela. Kumchafulia mtu jina lilikuwa kosa la jinai mpaka Februari 2017, Mahakama Kuu ilipofuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Sasa anayechafuliwa anakwenda kudai fidia ya madai. Naunga mkono uamuzi ule, kwa sababu ile aliyoisema Bahari_Kuu: kifungu kile kilikuwa kinatumiwa kuwanyamazisha wanaosema ukweli kuhusu wakubwa.

Lakini kwa swali la Fundi, nani analipa, sheria husika ni ile ya Ufadhili wa Kampeni ya 2013. Inamtaka mgombea awe na kamati ya matumizi, akaunti ya benki ya kampeni, na aeleze michango imetoka kwa nani. Kabla ya uchaguzi wa 2017 Bunge lenyewe liliisimamisha. Agosti 2021 IEBC, tume ya uchaguzi, ikachapisha viwango vya juu vya matumizi kwa ajili ya 2022, wabunge wakazikataa kanuni zake. Tukapiga kura 2022 bila kikomo chochote. Kwa maneno mengine, yule mkandarasi anayelipia turubai taslimu, hakuna daftari la umma ambalo jina lake linatakiwa kuandikwa na likaandikwa. Vyama vilivyokuwa vikitukanana usiku na mchana katika hilo vilikubaliana.

Kuhusu Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu: watu huniuliza mbona mtu mwenye kesi ya ufisadi anagombea. Soma Ibara ya 99, kisha shuka hadi fasili ya 3. Mtu haondolewi kwa ajili ya hukumu mpaka awe amemaliza njia zote za rufaa. Rufaa zetu zinachukua miaka, kwa hiyo mtu anaweza kumaliza muhula mzima, pengine na wa pili. Mfano wa aliyezuiliwa tunao hapa hapa. Mike Sonko aliondolewa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, Bunge la Kaunti na kisha Seneti. Akaja kutaka ugavana wa Mombasa 2022. Mahakama ya Juu ilimfungia njia Julai mwaka huo. Alizuiliwa kwa kuwa aliondolewa afisini, na njia hiyo ilikuwa imefika mwisho. Wenye kesi za jinai zinazosuasua waligombea bila shida.

---

Kijana wa Maskani

Nimekuwa nikisoma tu lakini acha niseme. Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema. Sitatukana hapa, naheshimu uzi.

Tunawekwa kwenye kikundi. Asubuhi tunapewa neno la siku na picha, tunaambiwa saa ngapi tusukume. Wengine hatujui hata tunayemchafua ni nani. Malipo yanakuja kwa M-Pesa kwa namba ya mtu ambaye sijawahi kumwona. Nina diploma ya uchukuzi wa mizigo. Tangu makontena yaanze kupakiwa kwenye reli ya SGR kwenda Nairobi, kampuni niliyofanyia mafunzo ilipunguza watu na mimi sikurudi. Mnataka nikatae? Mama yangu anauza mahamri, nami niseme sichukui kwa sababu ya maadili?

Na wewe Fundi, spika zinazopaza hayo matusi si zako?

---

Fundi wa Maturubai

Mdogo wangu, swali lako ni la haki na nitalijibu mbele ya watu wote. Ndiyo, ni zangu. Kuanzia kampeni hizi zinazokuja, sifungi spika bila mkataba wa maandishi wenye jina la anayelipa na jina la mgombea anayelipiwa. Atakayekataa kuandika atatafuta turubai kwingine. Nimeshazungumza na wenzangu wa kazi hii Kongowea na Magongo. Wengine wamekubali, wengine wamesema nitakufa njaa. Nina harusi, nina matanga, nitaishi.

Wewe sikulaumu kwa njaa. Ila angalia unavyolipwa na unachopoteza. Wanakupa pesa ya siku ili usiulize kwa nini hakuna kazi. Hilo la bandari na makontena lilitakiwa liwe hoja kuu ya kila mkutano Mombasa, na kila uchaguzi hutajwa kwa dakika mbili, kisha tunarudi kwenye makabila.

---

Mswahili wa Ughaibuni

Salaam kutoka Uingereza. Mimi mtoto wa Kibokoni. Nataka kumwongezea Kijana wa Maskani jambo, kwa sababu anadhani yuko peke yake mwisho wa mnyororo.

Mwaka 2021 watafiti wawili wa Kenya, Odanga Madung na Brian Obilo, walichunguza kazi hiyo hiyo kwa ajili ya shirika la Mozilla. Walikuta vijana wakilipwa kati ya dola 10 na 15 kushiriki kampeni za uongo kwenye Twitter, nyingi zikiwalenga majaji na wanaharakati waliopinga BBI, ule mpango wa kubadili Katiba. Vikundi vya WhatsApp, maneno yaliyoandikwa tayari, malipo ya simu. Alivyoeleza yeye ndivyo walivyoandika wao.

Sasa panda juu ya mnyororo. Mwaka 2017 ilisambazwa tovuti iitwayo The Real Raila, na video iliyoonyesha Kenya ya 2020 imeteketea, njaa na vita, eti kwa sababu Raila Odinga, mgombea wa upinzani, amechaguliwa. Shirika la Privacy International lilifuatilia likakuta kazi hiyo imetengenezwa na kampuni ya Harris Media ya Texas. Machi 2018 kituo cha Channel 4 cha hapa Uingereza kiliwarekodi kwa siri wakubwa wa Cambridge Analytica, kampuni ya kuendesha kampeni. Mmoja wao akajigamba kwamba chama cha Uhuru Kenyatta, Rais wa wakati huo, walikisuka upya mara mbili, ilani na hotuba wakaandika wao. Nani alilipa na kiasi gani, Mkenya wa kawaida hana pa kulisoma, kwa sababu ile sheria aliyoitaja Wakili ilikuwa imelazwa.

Na uchaguzi wenyewe, yaani karatasi za kura, navyo vimewahi kuliwa. Kampuni ya uchapishaji ya hapa, Smith and Ouzman, ilipatikana na hatia mwishoni mwa 2014 kwa kuwahonga maafisa wa uchaguzi wa Kenya ili ipate mikataba ya kuchapisha. Katika barua zao hongo waliiita "kuku." Hapa mkurugenzi mmoja alifungwa miaka mitatu. Pesa zilizotwaliwa zikanunua magari saba ya wagonjwa yaliyopelekwa Kenya 2017. Fikirini, Uingereza ilitoa hukumu na magari, na kwetu kesi za waliopokea zikazidi kusogea.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda, wa 2007. Richard Lau, Lee Sigelman na Ivy Brown Rovner walikusanya tafiti zaidi ya 100 kuhusu kampeni za kuchafuana, nyingi za Marekani. Hawakukuta ushahidi kwamba kuchafuana kunampa mgombea kura zaidi. Wala hawakukuta kwamba kunawafanya watu wasusie kura kwa kiasi cha kuonekana. Walichokikuta ni kwamba imani ya watu kwa serikali hushuka kidogo, na hushuka kidogo vilevile ile hisia ya mtu kwamba sauti yake ina maana.

---

Bahari_Kuu

Hiyo ya mwisho imenigusa. Mwaka 2022 hapa Mombasa hata nusu ya waliojiandikisha hawakupiga kura Agosti 9. Kisha ugavana ukaahirishwa kwa sababu ya karatasi zilizochanganywa, tukarudi Agosti 29, Abdulswamad Nassir dhidi ya Hassan Omar, na vituo vikawa vitupu zaidi. Sisemi ni matusi peke yake. Lakini mtaani kwangu ukimuuliza mtu kwa nini hakwenda, anakuambia "wote wezi." Hilo neno limepandwa.

---

Fundi wa Maturubai

Ndiyo! Na "wote wezi" ndilo neno zuri kuliko yote kwa mwizi. Ukishaamini wote ni sawa, huna sababu ya kusoma mkataba wa yeyote. Anayefaidika na kukata tamaa kwako ni yule mwenye watu wake mia tatu wa kupakia kwenye matatu na kuwapeleka kituoni. Kura zikiwa chache, bei ya kununua uchaguzi inashuka.

Ndiyo maana sitaki kusikia kwamba dawa ni "siasa za heshima." Gavana na mpinzani wanaweza kushikana mikono, wakaitana ndugu, huku mitaro inaliwa. Nataka wapinzani wagombane, tena kwa ukali, juu ya bei ya lami.

---

Mzee wa Likoni

Sisi tulikuwa na washairi. Muyaka wa Mombasa aliwakejeli maadui wa mji huu karibu miaka mia mbili iliyopita, na watu wa Lamu wakamjibu kwa beti. Maneno yalikuwa makali kuliko haya ya simu. Lakini shairi lilikuwa na mwenyewe. Ulijua nani kalitunga na unampata wapi umjibu. Hizi sauti za kubuni alizotaja binti yangu wa Majengo hazina baba.

---

Binti Majengo

Shikamoo mzee. Kweli kabisa. Mama yule mpaka leo hajui amjibu nani.

Sasa Wakili, nikuulize kama dada yako. Tumesema nani alilipa, sheria ya ufadhili imelala, EACC iko mbali. Mimi mkaazi wa Majengo nisiye na chama naanzia wapi? Nipe kitu ninachoweza kukifanya kabla ya watu kuanza kugawa leso na unga.

---

Wakili wa Tudor

Dada, anza na karatasi mbili.

Ya kwanza ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Katiba, Ibara ya 229, inamtaka akague kila kaunti na kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani baada ya Juni. Serikali ya kaunti ina ripoti yake, Bunge la Kaunti lina yake, na hazina ya maeneo bunge, NG-CDF, imekuwa ikikaguliwa jimbo kwa jimbo. Ziko kwenye tovuti ya afisi hiyo, ni bure. Usiogope lugha ya wahasibu. Ruka mpaka sehemu inayoeleza sababu za maoni ya mkaguzi. Humo utakuta mambo kama mradi uliolipiwa na haujakamilika, au malipo yasiyo na hati. Tafuta jina la wadi yako. Hapo tayari una swali la kumuuliza mgombea, na halina tusi ndani yake.

Ya pili ni barua. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 ya kupata habari inaipa afisi siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili wala kueleza sababu. Andika kwa Kiswahili ukitaka, sheria inaruhusu. Taja mradi, taja mwaka, omba jina la mwanakandarasi, bei ya mkataba, na hati ya kukamilika kwa kazi. Piga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanayoiita afisi ya ombudsman.

Si haraka na hutapata kila unachokiomba. Lakini jina la kampuni ukishalipata, unaweza kuliomba jina la wenye kampuni kwa msajili, na hapo ndipo utaanza kumwona yule mtu wa Fundi ambaye hayuko kwenye bango.

---

Kijana wa Maskani

Wakili, mimi barua naweza kuandika. Kiingereza na Kiswahili. Dada Binti, nitumie kwa siri namba ya huo mradi kama unayo.

---

Binti Majengo

Namba sina, ila mfereji ninaujua ulipo, unapita nyuma ya nyumba yetu, na kibao cha mradi kilisimama pale kabla hakijang'olewa. Jirani alikipiga picha. Nitaitafuta leo. Tutauliza nani alipewa, kwa shilingi ngapi, nani alitia sahihi kwamba kazi imekwisha, na lini. Nakala moja ya barua nitaibandika dukani kwa jirani ili kila anayekuja kuomba kura aikute hapo.